Vidonge Kutoka Nairobi

Mizani ya hospitali iliishia kilo mia moja na ishirini, kwa hiyo Mektrida alipimwa kwa mizani ya mahindi. Daktari Elimringi mwenyewe ndiye aliyemwambia akatafute mizani ya magunia, na alisema hivyo huku akiangalia karatasi zake. Jumatatu alfajiri Mektrida akavua kandambili na kupanda juu ya bamba la chuma la muuza nafaka mmoja wa soko la Kiboriloni, mteja wake wa kila siku wa mtori, supu ya ndizi na nyama. Alidhani saa hiyo watu watakuwa wachache, lakini Kiboriloni hakuna saa ya watu wachache.

Muuza nafaka alisogeza jiwe la mizani, akasogeza tena, kisha kwa mazoea ya kazi akapaza sauti kama anavyofanya kwa kila gunia: "Mia na arobaini na moja!"

"Gunia moja na nusu!" mpagazi akajibu kutoka juu ya lori. "Tushushe wapi, mangi?"

Watu wakacheka. Mektrida naye akacheka, maana alikwisha jifunza kwamba mwanamke mnene akicheka wa kwanza, wenzake huchoka mapema. Akashuka, akavaa kandambili zake, akaenda kuwasha moto kwenye kibanda chake cha chakula.

Ilikuwa Februari mwaka 2001. Juu ya kitovu Mektrida alikuwa na ngiri kubwa kama parachichi, na kila alipoinua sufuria ilimchoma. Daktari Elimringi hakumficha. Alimwambia kwamba siku utumbo utakapojinyonga mle ndani watalazimika kumpasua kwa haraka, na kwa uzito ule huenda asiamke kwenye usingizi wa dawa. Kama angepungua hadi kilo mia moja na kumi na tano kufika Oktoba, angempasua kwa mpango na kwa utulivu.

"Nitapunguaje, daktari? Mimi sili sana."

"Wote mnasema hivyo." Akaandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi. "Hii haipo Moshi. Tafuta ndugu Nairobi. Kidonge kimoja kwa kila mlo, mara tatu kwa siku. Hakiyeyushi mwili, usije ukadanganywa. Kinazuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Ukila mafuta yatatoka kama yalivyoingia, tena bila hodi."

Ndugu wa Nairobi alikuwapo. Salvina, mdogo wake Mektrida, alifanya kazi kwenye duka la dawa huko, na alipata vidonge kwa bei ya mfanyakazi, ambayo bado ilikuwa bei ya kumfanya mtu avute pumzi. Alivitoa kwenye maboksi ili vikae mahali padogo, akavifunga kwa gazeti, akaandika juu yake "sabuni," akampa kondakta wa basi. Vilifika Moshi vikiwa vidonge vitupu, rangi ya buluu, bila karatasi ya maelezo wala jina la ugonjwa.

"Ni vya nini hivi?" akauliza Primus, mumewe.

"Vya kupunguza mwili. Daktari ameniandikia."

Primus akavigeuzageuza kiganjani. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kilipouzwa kwa wageni mwaka uliopita na yeye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Tangu hapo aliishi kwa kusaidia kibandani na kupanda Kilema kuangalia migomba ya baba yake.

"Nani analipa hela akonde?" akasema.

Lilikuwa swali zuri. Kiboriloni nzima ilikuja kuliuliza baadaye.

Mwezi wa kwanza Mektrida alikula nyama ya kukaanga kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, akarudi nyumbani na doa la mafuta nyuma ya kitenge, rangi ya chungwa bivu. Lilimtoka bila yeye kujua. Alilifua kwa sabuni ya kipande, akalifua kwa majivu, na doa halikutoka. Akachana kitenge kile kuwa vitambaa vya jikoni. Tangu siku hiyo mtori wake mwenyewe aliupika kando, kwa ndizi na nyama isiyo na kipande cha mafuta, na kwenye sherehe za watu akawa anasema ana kiungulia.

Alipungua. Machi kilo tano, Aprili sita, Mei nne. Kila mwezi muuza nafaka alisoma mizani, siku hizi kwa sauti ya chini, na Mektrida alirudi kibandani akiwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumweleza. Magoti hayakumuuma tena. Aliweza kuinama na kufunga kamba za viatu. Mwanamke wa miaka arobaini na nane akafunga viatu vyake mwenyewe, akakaa kitini akatabasamu peke yake.

Juni wateja wakaanza kubadilika.

*

Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuja na kijiko chake mfukoni. Mama wa mboga aliomba apakuliwe na Digna, binti wa Mektrida, ingawa Mektrida mwenyewe ndiye aliyesimama na upawa mkononi. Wengine walihamia kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambacho mtori wake ulijulikana kuwa maji matupu. Sufuria iliyokuwa ikiisha saa tano asubuhi sasa ilifika saa tisa.

Mwaka ule ilikuwa hivyo. Mtu akikonda, hakuulizwa, alihesabiwa siku. Waliokwisha zikwa walitosha kuwafanya watu waogope, na wote kabla ya kuzikwa walikuwa wamekonda, wote walikuwa na maelezo. Huyu alisema kisukari, yule vidonda vya tumbo, mwingine karogwa. Mwanamke wa kusema kwamba anakonda kwa hiari, tena kwa kununua, alikuwa hajatokea. Kwa hiyo Mektrida alipowaambia ukweli, walimhurumia kwa kukosa uongo mzuri zaidi.

Hilda, dada yake Primus, alishuka kutoka Kilema na mkungu wa ndizi. Aliketi kibandani akamtazama wifi yake kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu.

"Wifi, umekwisha."

"Nimepungua, wifi. Ninameza dawa. Sema bado sijafika kwenye kilo alizosema daktari."

"Dawa." Hilda akapangusa kikombe cha chai kwa ncha ya khanga kabla ya kunywa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimeficha nini? Ngiri si unaiona?"

Hilda hakubishana. Alimvuta kaka yake nyuma ya kibanda, penye kuni.

"Kaka, fungua macho. Watu wanakufa na malaria kwa kukosa vidonge vya shilingi mia, leo mtu asafirishiwe dawa kutoka Nairobi kwa ajili ya unene? Hivyo ni vile vya kurefusha maisha. Nimesikia wakubwa huko Nairobi wanavipata kwa siri. Salvina si yuko duka la dawa?"

"Mke wangu ameniambia ni vya mwili."

"Na wewe ungekuwa yeye ungesema nini?"

Hilda aliona kaka yake amesawajika, akadhani ni uchungu wa mume anayejua mkewe anakufa. Akamshika bega. Hakujua kwamba Primus, pale penye kuni, hakuwa anamfikiria mkewe hata kidogo.

Alikuwa anamfikiria Rachel. Rachel alitoka Singida kuja kufanya kazi ya kupalilia miwa, na kwa miaka miwili Primus alikuwa akimpelekea sukari ya stoo na kuchelewa kurudi nyumbani. Alikufa mwaka uliopita, amekonda mpaka akawa anabebwa na mtu mmoja. Waliomzika walisema kifua kikuu. Huenda kilikuwa kifua kikuu kweli; Rachel naye hakuwa na mtu wa kumwamini.

Jioni ile Primus alisubiri mkewe aende kisimani, akafungua kabati, akachomoa kidonge kimoja cha buluu na kukimeza bila maji.

*

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha, na ni lazima kisemwe kilivyokuwa. Primus alipenda nyama yenye mafuta, hakuna aliyemwambia aiache, na tumbo lake likaanza kuharisha. Kuharisha ilikuwa dalili ya pili. Kila mtu aliijua, ilibandikwa kwenye mabango ya zahanati. Kwa hiyo akaongeza kidonge. Tumbo likazidi. Suruali zikaanza kulegea kiunoni, akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, akajua amekwisha. Akawa anameza viwili kwa siku, na siku za hofu kubwa vitatu. Hakuna aliyewahi kuwa mwaminifu kwa dawa kama Primus alivyokuwa kwa dawa ile.

Alibadilika pia kwa mkewe. Alimchotea maji ya kuoga. Alimwita "mama" kwa sauti ambayo Mektrida hakuisikia tangu wachumbiane. Mektrida alidhani labda mwili wake mpya unampendeza, akaona haya kama msichana, akanunua mafuta ya nywele.

Lakini vidonge vilikuwa vinaisha kabla ya siku zake. Julai alibana, akameza viwili kwa siku badala ya vitatu. Agosti akabaki na kimoja. Aliandika kwa Salvina, Salvina akaapa kwa Bikira Maria kwamba alituma idadi ile ile, akasema hataweza kutuma vingine mpaka Novemba. Kwenye mizani ya mahindi jiwe liligoma kwenye mia moja ishirini na moja na halikusogea. Ngiri ilianza kumuuma usiku na mchana.

Ndani ya nyumba walikuwa watatu. Primus alikuwa mume, na mume mwembamba hatafuti kukonda. Akabaki Digna. Digna alikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa mjini, anachumbiwa na Vedastus wa Kilema, na posa ilikuwa imepangwa Septemba. Msichana wa namna hiyo hutaka kiuno.

"Vidonge vyangu viko wapi?"

"Vidonge gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Mwezi huu peke yake nimehesabu arobaini na tatu havipo. Unataka gauni la harusi likukae, mimi nife?"

Digna alifungua mdomo, akamtazama baba yake aliyekuwa anakaza skrubu ya jiko la mafuta ya taa kwenye kona, kisha akaufunga.

Mektrida akampiga kofi. Hakuwa amempiga tangu ana miaka kumi. Digna akashika shavu, akasema "Nisamehe, mama," akatoka nje. Primus akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kazwa kitambo.

*

Posa ilifanyika Kilema, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la marehemu baba yake Primus. Mbuzi alichinjwa Ijumaa, na wanaume wakakesha kwenye maini, utumbo wa kukaanga na kisusio cha moto cha damu ya mbuzi. Primus alikula kuliko wote. Mtu anayekula hawezi kuitwa mgonjwa, na macho ya wakwe yalikuwa yamekwisha anza kufika.

Jumamosi wageni wakaja na madebe ya mbege, pombe ya ndizi. Mshenga wao, Mzee Kastori, alisema maneno yanayosemwa, kwamba wamepita njiani wakaona moshi, wanaomba moto. Kata ikajazwa. Aliyeleta pombe hunywa kwanza, kisha mwenye nyumba, kisha mama wa binti, naye humpa mama wa kijana kwa mkono wake. Midomo ikikutana kwenye kata moja, watu wamekuwa ndugu. Mektrida akanywa, akamkabidhi Mama Vedastus kwa mikono miwili.

Mama Vedastus aliipokea. Akaiinua hadi kidevuni, akaishusha, akampa mumewe. Mumewe, Mzee Sylvanus, akampa Mzee Kastori. Mzee Kastori akaiweka chini ya meza na kuomba kata nyingine kwa sababu hiyo, alisema, imeingia nzi.

Hakukuwa na nzi. Kila mtu pale aliona hivyo, na Mektrida aliona kuliko wote. Aliendelea kutabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Kikafuata kidari. Katika ukoo wao kidari cha mbuzi wa posa huliwa na baba wa binti mbele ya wageni, na mafuta yake hayatupwi. Akitupa, amekataa wakwe. Primus akakila chote, akalamba vidole, watu wakapiga makofi. Kisha akasimama kutoa jibu. Alikuwa amevaa suruali ya rangi ya krimu, mtumba wa soko la Memorial, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Wageni wetu," akaanza, "moto mnaoutaka upo." Akageuka kumwonyesha binti yake aliyekuwa amekaa na shangazi zake upande wa migomba.

Walioketi nyuma yake waliona kwanza. Doa lilikuwa limeenea nyuma ya suruali, kubwa kama sahani, la mafuta, rangi ya chungwa bivu, na lilikuwa linashuka. Mwanamke mmoja akaguna. Mama Vedastus akaziba pua ingawa harufu haikuwa imemfikia. Primus akasikia unyevu, akapapasa nyuma kwa mkono, akautazama mkono wake mbele ya watu sabini.

Mektrida alikuwa mlangoni na sinia la ndizi. Aliijua rangi ile. Duniani hakukuwa na ugonjwa wenye rangi ile. Aliifua kwa sabuni, aliifua kwa majivu. Akaweka sinia chini, akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga mumewe kiunoni kutokea nyuma kama anavyofungwa mtoto.

"Baba Digna ameshikwa na tumbo, jamani," akasema kwa sauti ya kawaida. "Mtuwie radhi, ni kisusio cha jana." Akamwingiza ndani, akafunga mlango.

*

"Umemeza vidonge vyangu," akasema.

Primus alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Alikuwa analia bila sauti.

"Vingapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Nikampiga Digna, na wewe ulikuwapo. Kwa nini, Baba Digna?"

"Kwa sababu na mimi ninao."

"Una nini?"

"Usinifanye niseme, mama."

"Sema."

"Ule ugonjwa. Ulio nao wewe."

Nje akina mama walianzisha wimbo kuziba pengo la maongezi. Mektrida alisimama akamtazama mwanamume aliyeishi naye miaka ishirini na sita.

"Mimi nina ngiri," akasema. "Nimekuambia tangu Februari. Nikipasuliwa nikiwa mnene nitakufa, ndiyo maana nameza dawa ya unene. Wewe umezuia mafuta tu tumboni mwako, basi. Umeharisha kidari."

Primus akainua uso. Kwa kitambo kidogo uso ule ulikuwa na furaha kabisa, ya mtu aliyetolewa kaburini, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumbua. Mektrida aliiona, akaitafakari, akafika mwisho wake.

"Ulidhani ninao," akasema taratibu. "Ukadhani na wewe unao. Mimi ningeutoa wapi, Primus?"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Digna azaliwe.

Primus alimwambia. Alimtaja Rachel, akataja miaka miwili, akataja mazishi ambayo hakuhudhuria. Mektrida hakuuliza kama alikuwa mzuri. Aliuliza kitu kimoja: "Ulipodhani umeniletea kifo, ulifanya nini?"

Jibu lilikuwa kwamba alikwenda kabatini.

"Vaa suruali ya shambani," Mektrida akasema. "Kaa humu."

Alitoka peke yake. Akapita katikati ya watu, akainama, akaitoa ile kata chini ya meza, akaijaza, akanywa, akasimama mbele ya Mama Vedastus.

"Mkwe, ukiogopa usinywe. Mimi na baba yake tutapima damu Jumatatu, na jibu mtaletewa na Mzee Kastori. Kama halitawapendeza, mtarudishiwa pombe yenu, debe kwa debe."

Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo kwenye posa. Mama Vedastus alitazama chini.

"Basi tungoje jibu," akasema Mzee Sylvanus, na watu wakaanza kutafuta kofia zao.

*

Jioni Mektrida alimkuta Digna anaosha masufuria kwenye mfereji.

"Vidonge alichukua baba yako."

"Ninajua, mama. Nilimwona mwezi wa saba."

"Ukanyamaza? Nikakupiga ukanyamaza?"

Digna aliendelea kusugua. "Nilidhani mnaumwa wote wawili. Nikasema, kama havitoshi, wagawane. Ndiyo maana nilimharakisha Vedastus. Nilitaka mnione nikiolewa."

Mektrida akaketi kwenye jiwe la kufulia, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Alimwomba mwanawe radhi, kwa maneno, jambo ambalo wazazi wa Kilema hawalifanyi. Digna akamwambia asikae kwenye ubaridi.

Jumapili baada ya misa, Mzee Kastori alikuja na Primus nyuma yake. Mzee alishika jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

"Shikamoo, meku," Mektrida akasema.

"Marahaba. Unajua nimefuata nini, mama. Mumeo amekosa, na amelileta hili mwenyewe; mimi nimelishika tu."

Isale halikataliwi. Damu ya mtu ikimwagika, isale huletwa na hupokelewa, na anayelikataa hujitafutia laana yeye na kizazi chake. Mektrida alinyoosha mkono akalipokea.

"Nimesamehe," akasema, na hakuwa anadanganya.

Majibu ya damu yalitoka Ijumaa. Mshauri wa hospitali aliwaita mmoja mmoja, kisha wote pamoja, akasoma karatasi mbili. Mektrida hakuwa nao. Primus hakuwa nao. Primus alipiga magoti katikati ya chumba, akalia, akamshukuru Mungu, akamshukuru mshauri, akaahidi misa ya shukrani na mbuzi. Njiani kurudi alikuwa anapiga mluzi. Mzee Kastori alipanda Kilema na habari, Mama Vedastus akatuma salamu na mkungu wa ndizi, na tarehe ya harusi ikatajwa.

"Tumepona, mama," Primus alisema kila asubuhi wiki ile. "Yote yamepita."

*

Oktoba Daktari Elimringi alimpandisha Mektrida kwenye mizani ya hospitali. Sasa ilimtosha: kilo mia moja na kumi na tisa. Akafungua faili.

"Mpaka Juni ulikwenda vizuri mno. Julai na Agosti ulisimama. Kulitokea nini?"

"Vidonge vilipungua, daktari."

Primus, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kikapu cha nguo, akatazama sakafu.

"Zimebaki kilo nne. Ningependa zisiwepo." Daktari alibonyeza ngiri kwa vidole viwili, Mektrida akakunja uso. "Lakini hii hainipi tena nafasi. Kesho tutafanya, na hatari ni kubwa kuliko nilivyotaka, nisikufiche."

Kesho yake asubuhi, Mektrida akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu na gauni la kijani lisilofika nyuma, muuguzi alileta fomu. Digna alikuwa ameomba ruhusa kazini, amesimama upande wa miguu. Muuguzi, kwa mazoea, alimpa Primus fomu na kalamu.

"Mzee, saini hapa. Likitokea jambo ndani, wewe ndiye tutakayekuuliza."

Primus akaweka kikapu chini na kushika kalamu.

"Dada," Mektrida akasema, "mpe binti yangu."

"Si mume wako huyu, mama?"

"Ni mume wangu."

Muuguzi akasimama katikati yao bila kujua amtazame nani. Primus alikuwa bado ameshika kalamu.

"Mama Digna," akasema kwa sauti ya chini, "nilileta isale, ukapokea mbele ya mzee."

"Nilipokea, na nimekusamehe. Sitakudai tena mpaka nife." Mektrida aligeuza kichwa juu ya mto mwembamba ili amwone vizuri. "Lakini hapa wanatafuta mtu wa kuniamulia nikiwa nimelala. Wewe ulidhani ninakufa, na ulidhani vidonge vile ndivyo vinavyoniweka hai. Ukavila."

Maneno yalisemwa bila hasira, kama mtu anayesoma mizani. Primus alikumbuka kwamba havikuwa vidonge vya uhai, kwamba kwa kweli aliiba dawa ya mafuta tu, kwamba hakuna aliyekuwa mgonjwa. Hilo lilikuwa kweli, na hakuweza kulisema.

Akampa Digna kalamu. Digna aliandika jina lake lote, akaandika "binti," akasaini, na muuguzi akaupuliza wino ukakauka.

Kitanda kilikuwa kizito na gurudumu moja lilikuwa bovu. Muuguzi alisukuma, kikagoma, akamwomba Primus amsaidie. Primus akashika chuma cha upande wa kichwani, akasukuma kwa nguvu zake zote kwenye ukumbi mrefu, mpaka kwenye mlango wenye maandishi mekundu, ambapo muuguzi alimwambia yeye mwisho wake ni hapo.